Gaussian Splatting ya Inria: inapendeza machoni, haifai futi kamba

Mwaka 2023, kwenye mkutano wa SIGGRAPH, Bernhard Kerbl, Georgios Kopanas, Thomas Leimkühler na George Drettakis walitoa utafiti wa Gaussian Splatting uliowafanya watu wa michoro ya kompyuta waache kazi nyingi walizokuwa nazo mezani. Watafiti hao wa Inria ya Ufaransa na Max-Planck ya Ujerumani hawakuishia kwenye makala. Waliweka na programu yenyewe mtandaoni. Unaipa picha mia na ushee za kitu kimoja, hata zilizopigwa kwa simu, nayo inakurudishia mandhari ya pande tatu unayoweza kuizunguka kwenye skrini papo hapo. Tunaipima hapa pamoja na vitu viwili ambavyo haiendi bila hivyo: COLMAP, inayokokotoa kila picha ilipigwa kutoka wapi, na kompyuta za kukodi mtandaoni kwa asiye na mashine nzito nyumbani.

Kwa wenye haraka: ukitaka kuonyesha kitu, kiwe mlango, sanamu, chumba cha kupangisha au jahazi lililopakiwa ufukweni, ichukue. Ukitaka vipimo vya kumpa fundi, iache. Na ukitaka kulipwa kwa kazi hiyo, soma habari ya leseni huko mwisho kabla hujapokea hela ya mtu.

Mfano wetu utakuwa mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, Zanzibar: mbao nyeusi, nakshi za kina, misumari mikubwa ya shaba, na kuuzunguka ukuta mweupe wa chokaa. Tumeuchagua kwa sababu mlango mmoja una kila kitu programu inachokipenda na kila kitu inachokichukia.

Ndani ya mandhari inayotengenezwa hamna uso wala pembetatu kama zile za michezo ya kompyuta. Kuna matone, mamilioni yake, kila moja kama yai la rangi lenye ukungu pembezoni. Tone moja hubeba namba 59: tatu za mahali lilipo, tatu za ukubwa, nne za jinsi lilivyogeuzwa, moja ya kiasi linachoziba kilicho nyuma yake, na 48 za rangi. Rangi imepewa namba nyingi hivyo kwa sababu hubadilika kufuatana na upande unaotazamia. Hizo 48 ndizo zinazofanya msumari wa shaba umetemete ukisogea kushoto na kufifia ukisogea kulia. Programu huanza na nukta chache kutoka COLMAP, inachora picha, inalinganisha na picha halisi, inarekebisha, inarudia. Mizunguko 30,000 ndiyo kawaida yake. Kuanzia mzunguko wa 500 hadi wa 15,000 inagawa na kuongeza matone pale inapoona picha bado haijafanana, na kila mizunguko 3,000 inayafifisha yote karibu yaishe ili yale yasiyo na kazi yajulikane na kufutwa.

Namba za makala yenyewe zinaeleza kwa nini watu walishtuka. Mip-NeRF 360, mbinu iliyokuwa juu kwa ubora wakati ule, ilihitaji kazi sawa na saa 48 za kadi moja ya michoro kujifunza mandhari, kisha ikachora fremu 0.06 kwa sekunde. Hii ya Inria ilichukua dakika 41 kwenye kadi ya A6000 na kuchora fremu 134 kwa sekunde. Kwa kipimo cha PSNR, kinachopima picha iliyochorwa inafanana kiasi gani na halisi, Mip-NeRF 360 bado ilishinda kidogo, 27.69 dhidi ya 27.21. Ila tazama faili: MB 8.6 za Mip-NeRF 360 kwa MB 734 za hii. Kasi ile imenunuliwa kwa uzito, na mwenye intaneti ya bando ndiye atakayelisikia deni hilo.

Sasa kompyuta. Inria wanataka kadi ya NVIDIA yenye kiwango cha CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi) 7.0 kwenda juu, na GB 24 za kumbukumbu kwa anayetaka ubora wa makala. Kadi ya namna hiyo ni pesa ndefu, kwa hiyo wengi watakimbilia kukodi. Colab ya Google hutoa bure kadi ya T4 yenye GB 16, kama ipo. Huduma hii hujirekebisha yenyewe: unachopewa leo hutegemea wingi wa watu na ulivyotumia siku zilizopita, na hamna ahadi kwamba kesho utapata tena. Ukiiacha bila kuigusa inakukata, na kila kilichokuwa kwenye folda ya /content kinakwenda na maji. Kaggle nayo hutoa takriban saa 30 kwa wiki ukishathibitisha namba ya simu, na ina mtego wake. Ukiona chaguo la kadi ya P100, usiliguse. P100 ni kiwango cha 6.0, haifiki pale programu inapotaka, hata kama jina lake linasikika kubwa kuliko T4. Chagua T4 mbili, ukijua kwamba moja itakaa bure maana programu hii hutumia kadi moja tu.

Kuisimika kwenye Colab ndiko wengi wanakokata tamaa, na makosa ni yaleyale. Ukiichukua kwa git clone bila neno --recursive, folda za ndani zinakuja tupu. Ukisimika sehemu zake za diff-gaussian-rasterization au simple-knn kwa pip mpya (kisimikaji cha Python), inalia kwamba haioni torch (maktaba ya hesabu inayoitegemea) wakati torch ipo: ongeza --no-build-isolation. Ikija simple-knn ikidai haijui FLT_MAX, fungua faili la simple_knn.cu na uweke juu kabisa mstari wa #include <float.h>. Hayo matatu ukiyamaliza, sehemu kubwa ya safari ya usimikaji imekwisha. Kwa programu iliyotoka taasisi kubwa namna ile, ni aibu kidogo kwamba mtu anaanza kwa kufungua faili la C++.

Turudi mlangoni, maana picha ndizo zinazoamua, mipangilio huja baadaye sana. Picha 120 hadi 200 zinatosha mlango mmoja. Zipige kwa safu tatu za nusu duara: usawa wa goti, usawa wa kifua, na mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa. Kila picha iwe inarudia walau robo tatu ya iliyotangulia. Sogea kwa miguu. Kusimama mahali pamoja na kugeuza simu huku na huku hakufai kitu hata ukipiga picha elfu, kwa kuwa umbali wa vitu haujulikani mpaka kamera ihame. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikuruhusu kurudi nyuma, na hapo mkono huwasha kubonyeza lenzi pana ya simu. Usichanganye. Hatua ya kwanza ya programu, convert.py, huchukulia kwamba picha zote zimetoka kamera moja ya lenzi moja. Simu ikihamia lenzi nyingine katikati, hata yenyewe kwa kujisogeza karibu na nakshi, hesabu zinapinda. Picha za wima na za ulalo pia zisikae folda moja. COLMAP itazikataa za ukubwa tofauti na ilizoanza nazo.

Funga fokasi na mwangaza kwa kushikilia kidole kwenye skrini mpaka kufuli itokee. Usipofunga, ukuta wa chokaa ukijaa kwenye picha simu inatia giza, mbao zikijaa inafungua, na programu itadhani ukuta una rangi mbili. Matokeo ni ukungu wa kijivu mbele ya ukuta, kama moshi wa jikoni. Toleo la Oktoba 2024 lina njia ya kusawazisha mwangaza wa picha moja moja, lakini kufunga kufuli ni bure na ni sekunde mbili. Piga asubuhi mapema au siku ya mawingu. Jua la saa sita linakata kivuli kikali ndani ya kila nakshi, na kivuli hicho kitachorwa kama rangi ya mbao milele. Wapita njia waondoke kwenye fremu. Mtu aliyeonekana picha nne tu anageuka zimwi la ukungu katikati ya barabara.

Anayependa video apige taratibu, kisha atoe fremu mbili kwa sekunde kwa programu ya ffmpeg, fps=2. Ila fremu za video hubeba mtikisiko kuliko picha za kawaida, na tone haliwezi kunoa kilichopigwa kikiwa na ukungu.

Kosa lingine halisemwi sana: kupitisha picha WhatsApp. Zikitumwa kama picha, inazipunguza na kufuta maelezo ya lenzi. COLMAP ikikosa maelezo hayo inakisia urefu wa fokasi kuwa mara 1.2 ya upande mrefu wa picha. Mara nyingi itajirekebisha, mara nyingine haitafanikiwa na mlango utatoka umebinuka kama kioo cha gari. Zitume kama waraka, au tumia waya.

COLMAP, kazi ya Johannes Schönberger na Jan-Michael Frahm ya mwaka 2016, ndiyo sehemu tunayoiheshimu zaidi katika mnyororo huu wote, na ndiyo inayolaumiwa bila haki. Inatafuta alama kwenye kila picha, kona ya jani lililochongwa, ufa, doa, kisha inazifananisha picha kwa picha. Nakshi za mlango ni karamu kwake. Ukuta wa chokaa hauna cha kushika, kwa hiyo kila picha iwe na mbao au ukingo wa jiwe walau nusu ya fremu. Njia ya kawaida ya convert.py hufananisha kila picha na kila nyingine: picha 200 ni jozi 19,900, picha 400 ni 79,800. Mara mbili ya picha, mara nne ya kusubiri. COLMAP inayosimikwa kwa apt kule Colab haitumii kadi ya michoro, hutegemea viini viwili vya prosesa, na isipopewa --no_gpu inalia haioni skrini kisha inakufa. Ushauri wetu: iendeshe nyumbani kwenye laptop usiku kucha, hata laptop ya kawaida, kisha upeleke matokeo Colab na utumie --skip_matching. Kwa fremu za video chagua ufananishaji wa mfuatano, unaotazama hasa majirani kumi wa kila picha; picha 200 zinashuka kuwa takriban jozi 2,000 hadi 2,500.

Kabla ya kwenda mbele hesabu mafaili. Folda ya input ina 200, folda ya images iliyotengenezwa ina ngapi? Ikiwa 190 na zaidi, endelea. Ikiwa 60, usipoteze saa za kadi. Tazama kwanza ndani ya distorted/sparse: ukikuta folda ya 0 na ya 1 na ya 2, COLMAP imeshindwa kuunganisha vipande, na convert.py imechukua cha 0 bila kukuuliza, hata kama kikubwa ni cha 1. Dawa ni kuongeza picha za kuunganisha, zile zinazoonyesha mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine.

Halafu mafunzo yenyewe, ambako adui ni kumbukumbu ya kadi. Hesabu yake ni rahisi. Programu hupunguza yenyewe picha zote zenye upana unaozidi pikseli 1,600. Picha ya 1,600 kwa 1,200 ikiwa ndani ya kadi inakula MB 23. Zidisha kwa 200, GB 4.6 zimekwenda kabla ya tone la kwanza. Hizo zihamishie kwenye RAM ya kawaida kwa --data_device cpu. Utapoteza kasi kidogo, hautajuta. Colab ya bure ina RAM ya GB 12 na ushee, kwa hiyo usijaribu hila hiyo na picha 500. Matone nayo: kila moja huwekwa na nakala tatu za hesabu za kujifunza, karibu baiti 944, maana yake matone milioni tatu ni GB 2.8 hata kabla ya kuchora chochote. Mashine ikianguka kwa kukosa kumbukumbu, mara nyingi ni kabla ya mzunguko wa 15,000, matone yanapozaana. Pandisha --densify_grad_threshold kutoka 0.0002 hadi 0.0004 ili matone yazaane kwa uchache, au tumia -r 800 kupunguza upana wa picha hadi pikseli 800. Usianze na yote mawili.

Na kwa kuwa umeme hukatika, bando huisha na Colab hukata, weka --checkpoint_iterations 7000 15000 22000 na uelekeze matokeo kwenye Google Drive. Ukikatwa unarudi na --start_checkpoint. Drive ya bure ni GB 15 pamoja na barua pepe zako, na faili moja la kuendelezea linaweza kupita GB moja, kwa hiyo futa la zamani. Tazama matokeo ya mzunguko wa 7,000 kwanza. Kama mlango hapo umepinda au una moshi, 30,000 haitausafisha. Rudi kwenye picha.

Ikienda vizuri, matokeo ni ya kushangaza kweli. Sogeza kipanya taratibu mbele ya mlango: kina cha nakshi kinaonekana, vumbi ndani ya maua linaonekana, na mng'ao unapita juu ya misumari ya shaba msumari baada ya msumari. Nyaya za umeme zinazoning'inia ukutani, ambazo fotogrametri ya pembetatu (njia ya zamani ya kutengeneza umbo la pande tatu kutoka picha) huzikatakata, hapa zinasimama kama nyaya. Majani ya mti vilevile.

Ukitoka nje ya njia uliyopita na kamera, uzuri unaisha ghafla. Panda juu ya kizingiti ambako simu haikufika na utakutana na miiba mirefu ya rangi imechomoza kila upande. Ukuta wa chokaa utakuwa na mabaka yanayoelea. Kioo cha dirisha kitakuwa na chumba cha uongo nyuma yake, kwa sababu programu huchora taswira ya kiooni kama kitu kilicho ndani. Ukigeuka kwa haraka matone mengine yanarukaruka, kwani hupangwa kwa umbali wa vitovu vyao na mpangilio hubadilika kwa ghafla. Ukirudi mbali sana kingo zinachakaa. Chaguo la --antialiasing la toleo la 2024, lililotokana na utafiti wa Mip-Splatting, linapunguza hilo.

Vipimo navyo usivitegemee. COLMAP haijui kama mlango una mita mbili au sentimita ishirini. Unaweza kuweka rula kwenye fremu na kukuza kwa uwiano, ila bado matone hayana uso, yanaelea mbele na nyuma ya mbao. Fundi seremala anayetaka kuchonga pacha wa mlango apewe futi kamba. Anayetaka uso wa kweli atazame 2D Gaussian Splatting ya mwaka 2024, au fotogrametri ya zamani.

Faili la .ply hugharimu baiti 248 kwa tone: matone milioni tatu ni MB 744. Huwezi kumtumia mteja hilo. Lifungue kwenye SuperSplat ya PlayCanvas, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusimika chochote, zungushia mabaka kwa brashi, futa, kata kila kilicho nje ya mlango. Kisha libadilishe kuwa SPZ, muundo wa Niantic, ambao kwa kawaida hupunguza uzito takriban mara kumi. Kuna njia ya mkato ya --sh_degree 0, inayotupa rangi za pembe na kushusha faili hadi karibu MB 204 hata kabla ya kubana. Kwa ukuta au udongo haina neno. Kwa mlango huu, shaba inakuwa plastiki.

Na leseni. Ile ya Inria inaruhusu utafiti na majaribio yasiyo ya biashara. Ukitaka kuingiza pesa ni lazima uwaombe wenyewe. Mwenye hoteli akikulipa umtengenezee mandhari ya ukumbi wake, umevuka mstari. Kwa kazi ya malipo tumia gsplat ya timu ya Nerfstudio, yenye leseni ya Apache 2.0. Inafuata hesabu zilezile, wenyewe wanadai kumbukumbu inaweza kushuka hadi robo, na amri ni tatu tu: ns-process-data images, ns-train splatfacto, ns-export gaussian-splat. Asiye na kadi ya NVIDIA ajaribu Brush, inayokubali kadi za AMD, Intel na kompyuta za Mac. Picha za COLMAP ulizokwisha kuziandaa zinaingia humo kama zilivyo, hakuna sababu ya kurudi mlangoni.